Biskuti za Ndoyi

Kama ulipita foyer ya parokia yetu miaka ile, hapa commune ya Kisangani, upande wa maporomoko ya Wagenia, vidole vyako vinamkumbuka Madame hata kama kichwa kimemsahau. Alikuwa na mwiko wa mbao, na mwiko ule haukukaa kwenye sufuria tu. Ukikandamiza unga wa biskuti kwa ngumi, unausikia juu ya vidole, pa! "Hii haiko fufu, mwana! Fufu njo unapiga. Biskuti unaibembeleza." Tulicheka chini kwa chini, yeye akajua tunacheka, na mwiko ukarudi tena.

Foyer ilikuwa nyumba ya masista ambapo wasichana na kina mama walifundishwa kukata nguo, kushona, kufuma na kupika vitu vya sikukuu. Madame alifundisha pale mpaka macho yalipoanza kumkataa. Jina lake la ubatizo silitaji, na mbele kidogo utaona kwamba halikuwa lake peke yake. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, nikaolewa, nikaachika, nikarudi kupanga chumba katika parcelle yake, ua wake wenye vyumba vya wapangaji. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza na kutoka pale niliona kila kitu kilichoingia na kutoka. Watu husema nina mdomo. Ni kweli, ninao, na Madame ndiye aliyeunoa.

Four, tanuri ya kuokea, hatukuwa nayo. Umeme wa kwetu unakuja ukijisikia, kwa hiyo hata ambaye ana four anaitumia kuwekea sahani. Madame alipika biskuti kwenye sufuria kubwa ya alumini, ile ya matanga na ndoa. Chini anamwaga mchanga mkavu wa mtoni, anauacha upate moto juu ya mbabula, jiko letu la makaa, juu ya mchanga anaweka kisahani cha bati, na juu ya kifuniko anapanga makaa mekundu. Moto chini, moto juu. Ukifunua ovyo umeharibu. Hakutazama saa. Alikaa karibu, kitambaa begani, pua mbele, na kama ulikuwa unamsimulia jambo la maana alikuwekea mkono mdomoni. "Nyamaza kidogo, ninasikia." Alikuwa anasikia harufu. Halafu anafunua, na zimeiva, rangi ya asali, pembeni zimekamata kidogo.

Hakutaka mzaha na vitu vyake. Siagi iwe siagi. Karanga ukaange mwenyewe, uzimenye mwenyewe, usinunue zilizomenywa maana hujui zimepita mikononi mwa nani. Ganda la ndimu ulikwaruze juu juu tu, ukifika kwenye weupe biskuti inakuwa chungu. Msichana akimwambia, "Madame, nyumbani hatuna siagi, naweza kuweka mafuta ya mawese?" anajibu, "Unaweza. Lakini usiseme nilikufundisha mimi." Neno lake kubwa lilikuwa moja: "Fanya muzuri ao wacha." Alilisema kwa biskuti, kwa pindo la sketi, kwa sala, kwa ndoa yangu.

Juu ya ndoa yangu alikosea, lakini hilo tuliache.

Sasa mambo ya anniversaire, siku ya kuzaliwa. Hapo usingemwelewa. Wote wanajua jinsi vijana wetu wanavyofanya: mtu akitimiza mwaka, wenzake wanamvizia, wanammwagia ndoo ya maji, halafu unga, halafu wakiwa na wazimu zaidi, mayai. Siku moja walimfanyia hivyo binti wa jirani mbele ya lango letu. Madame akatoka na ufagio. "Unga ya ngano! Unga ya ngano kwa kichwa ya mutu! Na mayai! Muko na akili?" Walikimbia mpaka barabara ya lami. Alirudi anahema, akamwangalia yule binti mweupe kama mzimu, akamwambia, "Na weye, kuzaliwa ilikuwa kazi ya mama yako. Weye ulifanya nini siku ile? Ulilia tu." Binti akaondoka bila kujua kama amesaidiwa au ametukanwa.

Bon. Miezi michache baadaye ni siku yangu mimi. Nimeketi kwenye cherehani, nashona sare ya kwaya, nasikia baridi imeniingia mgongoni, nimelowa mpaka kwenye chupi. Nageuka, ni Madame, ndoo mkononi, mama mzima wa nywele nyeupe, anacheka mpaka anashika ukuta. "Joyeux anniversaire," anasema. "Maji tu. Unga hapana." Sare ya kwaya nayo ililowa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuikamua.

Ndivyo alivyokuwa. Alikemea ushirikina wa watu, lakini bundi akilia usiku asubuhi ananyunyiza maji ya baraka kwenye pembe zote za parcelle. Alisema hapendi watoto, na watoto wa mtaa mzima walijua siku anayokaanga karanga. Siku yake mwenyewe ya kuzaliwa hakumwambia mtu. Nilimbembeleza miaka, akasema, "Nitakufa nayo," na ndivyo alivyofanya.

Lakini kulikuwa na siku moja ya kuzaliwa ambayo alikuwa tayari kugombana na ulimwengu kwa ajili yake.

Nilikuwepo darasani siku ilipoanza. Madame anaita wapya, kichwani, bila karatasi, akaita jina lake mwenyewe la ubatizo. Mwanamke mrefu akaitikia kutoka mlangoni, miguu imelowa mpaka magotini, ananuka samaki wa moshi. Alikuwa mtu wa mto, watu wake wa upande wa Yanonge, ameolewa ng'ambo, Lubunga, na mwanaume wa reli. Kila asubuhi alivuka kwa pirogue, mtumbwi, kuja kujifunza kushona. Madame akamtazama juu ya miwani. "Hiyo jina iko yangu." Yule mama hakutikisika. "Basi tugawane, Madame."

Darasa zima tukasubiri mwiko. Madame akacheka.

Kwetu watu wawili wenye jina moja wanaitana ndoyi, na haina mchezo. Ndoyi wako ni wewe mwenyewe katika mwili mwingine. Akiheshimiwa umeheshimiwa, akilia umelia. Wengine wanaitana hivyo kwa mdomo tu, wakiombana bia. Hawa wawili waliitana kwa kweli. Tangu siku ile hakuna aliyelitumia tena lile jina. Mmoja Ndoyi, na mwingine Ndoyi, na sisi tuliobaki tukamwita yule wa ng'ambo hivyohivyo, Mama Ndoyi.

Ikaja kujulikana kwamba Mama Ndoyi hana siku ya kuzaliwa. Alizaliwa kambi ya wavuvi, maji yamejaa, nani angeandika? Kwenye kitambulisho kuna mwaka tu, na huo nao wa kukisia. Madame aliudhika kama vile ametukanwa yeye. "Mutu mzima hana siku? Sawa vile mbuzi?" Akafikiri kidogo, akasema, "Bon. Tangu leo unazaliwa dimanche ya kwanza kisha masomo kufunga. Siku ile niko na nafasi, na karanga mupya imetoka." Mama Ndoyi akapiga goti pale darasani, kwa utani, mikono pamoja. "Asante, mama, kwa kunizaa."

Basi kila mwaka, dimanche ile, Jumapili ya kwanza ya likizo, Madame alivuka mto na mkebe wa biskuti za karanga. Mkebe ulikuwa wa maziwa ya unga, aliufunika kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Na mjue alikuwa anaogopa maji kuliko shetani. Alikaa chini kabisa kwenye mbao za pirogue, mkebe magotini, macho yamefungwa, anasali kwa sauti na kumkemea mwenye mota katikati ya sala. "Salamu Maria, umejaa neema, weye kijana, angalia mbele! Bwana yu nawe, punguza, punguza!" Watu walikufa kwa kicheko. Nilimsindikiza mara nyingi, na sikuzoea aibu ile.

Ng'ambo, kitinda mimba wa Mama Ndoyi alikuwa anatungoja kwenye matope. Kijana mtaratibu, fundi wa baiskeli, mikono ya grisi. Alimpokea Madame kwa mikono miwili, akamshusha polepole, na kila mara Madame alimwambia, "Usichafue kitambaa yangu," na kila mara alishika ile mikono kwa nguvu na kuichafua nguo yake mwenyewe. Nyumbani Mama Ndoyi anafungua mkebe mbele ya wote. Anakula biskuti ya kwanza peke yake, macho yamefungwa, wote tunamtazama mdomo. Halafu anasema, "Imeungua kidogo." Madame anaruka. "Wapi? Nionyeshe! Wapi imeungua?" Hapo sikukuu imeanza.

Nimeyasimulia haya kwa furaha, na furaha inaishia hapa.

Ng'ambo kuliwaka moto. Makabila mawili yaligombania ardhi, mashamba na msitu, nani ni mwenyeji na nani alipewa ruhusa ya kuuza. Sitayataja makabila yenyewe. Wenyeji wanayajua na mgeni hayatamsaidia. Mchana tuliona moshi toka upande wetu wa mto. Pirogue zilikuja zimejaa magodoro, kuku, vikongwe waliobebwa mgongoni. Watu walilala kwenye shule, kwenye makanisa, chini ya mahema.

Mama Ndoyi alikuwa wa kabila moja. Madame, kwa upande wa baba, alikuwa wa lile jingine. Yeye alizaliwa mjini, lugha ya baba yake alijua salamu tu na kuomba maji, kijijini alienda labda kwa mazishi mawili. Lakini siku zile hakuna aliyeuliza unajua lugha kiasi gani. Waliuliza baba yako ni nani.

Yule kijana wa baiskeli alikatwa kwa panga katika shamba la mama yake. Alikuwa ameenda kuchukua mihogo ili wapate cha kula. Waliomuua walikuwa watu wa kabila la baba yake Madame. Kina nani hasa, mpaka leo hakuna anayesema. Alizikwa hukohuko, haraka, bila sanduku. Mama yake alivushwa siku iliyofuata, nguo aliyovaa na kandambili ya mguu mmoja.

Walimpa nafasi kwenye shule moja ya upande wetu. Kutoka parcelle yetu unakwenda kwa miguu, hata jua halijakuchoma umeshafika. Miaka yote mto ulikuwa kati yao, na sasa hakuna mto.

Matanga yalikaliwa kwenye ua wa shule, chini ya hema. Nilienda. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikalia na wenye kulia, nikalala pale. Asubuhi narudi kumchukua Madame, namkuta amevaa, kitambaa kichwani, ameketi kitandani.

"Tuende, Madame."

"Nitakaa wapi?" akaniuliza. "Kwa mukeka gani?"

"Kwa mkeka wa wote. Mama Ndoyi ni ndoyi wako."

"Wataniangalia. Watasema, huyu njo wa bale watu baliua." Akavua kitambaa kile cha kichwani, akakikunja. "Peleka kahawa na sukari. Sema niko na homa."

Nilipeleka kahawa na sukari. Nilisema ana homa. Mama Ndoyi alikuwa amelala kando ya ukuta, uso amegeuzia saruji. Nilimwomba Madame tena kesho yake, na kesho yake tena. Mtu ambaye alilifukuza kundi la vijana kwa ufagio alikuwa anaogopa mkeka. Niliona huruma na niliona hasira pia, vyote kwa pamoja, na nikarudi kwenye cherehani yangu.

Masomo yakafungwa. Dimanche ya kwanza ikakaribia, na Madame akawasha mbabula.

Sijawahi kuona biskuti zimepikwa kwa uangalifu namna ile. Siagi ilikosekana mjini, barabara imekatika kwa mvua, alitafuta mpaka akapata. Karanga alizichagua moja moja. Akanikabidhi mkebe. "Mwambie bonne fête, sikukuu njema, toka kwa ndoyi wake." Kwenye lango la shule nikamkuta binti mkubwa wa Mama Ndoyi. Aliupokea, akaingia ndani, akatoka nao haujafunguliwa.

"Yaya, dada yangu, mama anasema hawezi kukula hii."

"Ni mgonjwa?"

"Anasema hawezi kukula hii," akarudia, na akanirudishia mikononi.

Siku zile mji mzima ulikuwa unanong'ona juu ya sumu. Usipokee chakula cha wale, usinywe maji ya wale, fulani alikunywa kikombe cha chai akatapika damu. Kwa hiyo nilielewa nilivyoelewa. Nilijaribu kumficha Madame lakini alikuwa mlangoni, ameshaona mkebe mikononi mwangu.

"Sumu," akasema. Hakuuliza. "Ndoyi yangu anafikiri nitamupa sumu."

Watoto wa parcelle walizunguka mkebe ule wiki nzima. Hakumpa hata mmoja. "Ziko na mwenyewe," alisema, akaziweka juu ya kabati mpaka zikaota ukungu, akazifukia nyuma ya choo. Madame, aliyekuwa anaokota unga uliomwagika kwa unyoya wa kuku! Nilimuona akishindilia udongo kwa mguu, nikaona afadhali niingie ndani.

Mwaka uliofuata watu walikuwa wameanza kurudi ng'ambo. Mama Ndoyi naye alirudi, walimtengenezea nyumba ya mabati juu ya msingi wa ile iliyoungua. Dimanche ikakaribia. Madame akapika tena, macho sasa yakiwa yameharibika, akipima kwa vidole. Zilipopoa, akakaa nazo mezani. Nikaona anachukua biskuti, anauma ukingo kidogo, anaiweka kwenye mkebe. Anachukua nyingine, anauma, anaiweka.

"Madame, unafanya nini?"

"Mwenye kuleta chakula anaonja kwanza. Bon. Ninaonja." Akaendelea. "Ataona meno yangu kwa kila moja. Atajua kama iko sumu, tunakufa wote wawili."

Mkebe mzima! Biskuti zile alizotufundisha kwa mwiko zisiwe na ufa hata mmoja, zote zina pengo la meno ya bibi kizee. Nilitaka kumzuia na sikuweza. Kwetu kweli ndivyo inavyofanywa: ukimletea mtu chakula na kuna neno kati yenu, unaonja mbele yake. Lakini unaonja kimoja, mbele yake. Nilivuka peke yangu na mkebe ule nikisali nisipate mtu wa kuniuliza nimebeba nini.

Binti aliupeleka ndani. Safari hii nilisikia kifuniko kinafunguliwa, halafu mlio mmoja wa mtu kama amechomwa na mwiba. Binti akatoka anafuta machozi, akanirudishia. "Wende nazo, yaya. Tafadhali. Usilete tena."

Nilimwambia Madame kwamba zimekataliwa. Mlio sikumwambia.

Mwaka wa tatu Madame alikuwa amechoka. Miguu ilivimba, mkono wa kuume ulitetemeka, na mimi ndiye niliyekanda, yeye amekaa kwenye kiti nyuma yangu na mwiko magotini, hana nguvu ya kuupiga. "Bembeleza," alikuwa anasema. "Bembeleza, mwana." Nilipomaliza kufunga mkebe nikanyoosha mkono kuuchukua. Akaushika.

"Safari hii ninaenda mwenyewe. Akinifukuza, anifukuze mimi. Nimechoka kufukuzwa kwa mukebe."

Tulipanda moto, pikipiki ya taksi, mpaka bichi pale kwenye kivuko, yeye katikati, mimi nyuma namshikilia. Ndani ya pirogue hakusali na hakumkemea mtu. Ng'ambo hakukuwa na mtu wa kutupokea kwenye matope. Alisimama pale ukingoni, akaangalia huku na huku, kisha akanipa mkono wake nimshushe.

Njia nzima watu walitutazama. Wengine walimjua. Mama mmoja akatema mate pembeni. Madame alitembea polepole, mdomo umebana, na tulipofika kwenye nyumba ya mabati, Mama Ndoyi alikuwa nje, ameketi chini, miguu imenyooka, anachambua mboga. Alikuwa amekonda. Binti yake akasimama mara moja, akajiweka kati yetu na mama yake.

"Wacha," Mama Ndoyi akasema.

Madame akatoa mkebe mbele. Kifuniko kikalia. "Ndoyi. Bonne fête."

Mama Ndoyi aliendelea kuchambua majani yaliyobaki mkononi, akayaweka kwenye beseni.

"Ndoyi," Madame akasema, "haina sumu. Kwa Mungu, haina sumu. Nikule mbele yako, nikule zote..."

"Sumu?" Mama Ndoyi akainua uso. "Nani alisema sumu? Miaka yote nimekula mukono yako, leo njo nitaogopa sumu? Mwaka ule nimefungua, nikaona meno yako kwa biskuti yote. Mbele ya watu tunaitana ndoyi, na weye njo unanifikiria vile?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilikuwa mbaya kuisikia. "Mutoto yangu walimukata. Nililala kwa saruji pale, pembeni ya nyumba yako. Watu walikuya, hata wenye sijui. Nilikuwa naangalia mulango. Nikasema, ndoyi yangu atakuya sasa. Atakuya jioni. Atakuya kesho. Ulituma sukari."

"Niliogopa," Madame akasema.

"Mutoto yangu amekufa, na weye unaniletea anniversaire."

Nilimwangalia Madame. Hili hakuwa amelijua, yeye mwenye jibu kwa padri, kwa polisi, kwa mume wangu. Na mimi, ambaye nilikaa kwenye mkeka ule na nikabeba mkebe ule, hata mimi sikuwa nimeona jambo hili, na lilikuwa wazi namna hiyo. Sote tulikuwa tunatafuta sumu.

Alinipa mkebe bila kunitazama. Halafu akaanza kushuka. Akashika ukuta wa bati, likalia, binti akataka kumletea kiti na Madame akatikisa kichwa. Alifika chini vibaya, kwa kuanguka kidogo, upande mmoja. Akajikokota kwenye vumbi mpaka karibu na Mama Ndoyi. Akavua kitambaa cha kichwa, nywele zake nyeupe zikabaki wazi mbele ya watu, akaweka mikono yote miwili juu ya utosi. Na akalia. Alilia vile tunavyolia sisi, kwa sauti, kwa kumwita marehemu. Alimwita yule kijana kwa jina. Alimwambia ile mikono yako ya grisi, nani atanishusha sasa, mutoto ya ndoyi yangu, mutoto yangu, nimechelewa, nimechelewa.

Halafu bega la Mama Ndoyi likaanza kutikisika, na sauti ya pili ikaingia chini ya ile ya kwanza.

Majirani wakaanza kutoka. Wa kwanza walisimama mbali. Kilio ukikisikia huwezi kusimama mbali sana. Yule mama aliyetema mate akaja akakaa. Mwingine akaleta kuni. Binti akaingia ndani akatoka na mkeka, akautandika, akamwinua Madame kwa makwapa na kumsogeza juu yake.

Nilibaki nimesimama na ule mkebe, sijui niuweke wapi. Mama Ndoyi akauona. "Rudisha," akaniambia, bila ukali. "Kwa matanga hatukule vitu ya fête."

Jua lilipoinama, wenye pirogue wakaanza kuita watu wa mwisho. Niliinama kwa Madame nikamwambia tuende, miguu yako, dawa zako, giza linaingia na wewe na maji hamwelewani.

"Wende weye," akasema. Alikuwa ameegemea bega la Mama Ndoyi, macho yamevimba, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Kwa matanga watu banalala."

Kwa hiyo nilivuka peke yangu. Nilipofika nyumbani watu wa parcelle walikuwa wamesimama langoni, wana wasiwasi, wakaniuliza Madame yuko wapi. Nikawaambia yuko kwenye matanga, Lubunga. Wakauliza matanga ya nani, na nikawatajia jina la mtoto.